Kapu la Kupikia: Chakula Kiive Tukiwa Ibadani

Mwezi huu tunaomba tuingie nanyi jikoni, tuzungumze juu ya chakula ambacho karibu kila nyumba inakipika na karibu kila mama anakinung'unikia: maharage makavu yenye nyama. Ni chakula kitamu na kinashibisha. Nusu kilo ya nyama ikichanganywa na maharage inatosha familia ya watu 6, lakini ikipikwa peke yake watoto watahesabiana vipande. Tatizo lake ni moja: kinamaliza mkaa. Maharage yanaweza kukaa motoni saa 2 hata 3, na nyama ya mfupa vivyo hivyo. Mama anachochea, anaongeza maji, anaonja, anachochea tena. Jumapili ikifika inabidi achague: aende ibadani na familia ile chochote cha haraka, au abaki nyumbani kulinda sufuria.

Wako wanaochagua njia ya tatu, nayo ndiyo inayotutisha sisi tunaofanya kazi ya uuguzi. Wanaacha jiko likiwaka na kumwambia mtoto wa miaka 8 alitazame. Watoto wengi tuliowafunga vidonda vya moto hawakuunguzwa na nyumba iliyowaka. Waliunguzwa na sufuria iliyopinduka.

Ipo njia iliyo bora kuliko zote tatu, nayo ni kapu la kupikia. Tumelitumia katika jiko la kanisa na katika nyumba zetu kwa miaka kadhaa. Tunalipenda. Lakini tunalo pia jambo la kuungama juu yake, na hatutalificha, maana mficha uchi hazai.

KAPU NI KITU GANI?

Kapu la kupikia halina moto. Ni kapu kubwa lililojazwa vitu vinavyozuia joto lisitoke. Chakula huchemshwa kwanza jikoni, kisha sufuria huingizwa ndani ya kapu ikiwa bado inachemka, hufunikwa vizuri, na joto lile lile huendelea kukiivisha polepole. Chai ndani ya chupa hubaki moto kwa njia hiyo hiyo.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1867 jiko la namna hii kutoka Norway lilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Paris. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, akina mama wa Uingereza walipika kwa masanduku yaliyojazwa nyasi kavu ili kuokoa makaa ya mawe. Mwaka 2008, huko Afrika Kusini, mama mmoja aitwaye Sarah Collins alianza kutengeneza mfuko wa kitambaa wa kazi hiyo hiyo, unaojulikana kwa jina la Wonderbag.

Hata ile sufuria ya umeme ya kupika polepole, ambayo baadhi yenu mmeletewa na ndugu walioko ng'ambo, ina habari ya kututia moyo. Aliyeibuni ni Irving Naxon wa Chicago, Marekani, aliyepata hati ya ubunifu wake mwaka 1940. Wazo alilitoa kwa mama yake, aliyemsimulia jinsi Wayahudi wa Vilna, huko Lithuania, walivyopika chakula cha Sabato. Kwa kuwa sheria ya Musa inakataza kuwasha moto siku ya Sabato, akina mama walijaza chungu maharage na nyama siku ya Ijumaa kabla jua halijatua, wakakipeleka katika tanuri ya mwoka mikate iliyokuwa bado na joto. Kesho yake, wakitoka kuabudu, walikuta chakula kimeiva. Chakula hicho huitwa cholent. Kwa hiyo, dada zangu, sufuria hiyo ya kisasa imetokana na maharage na nyama, na imetokana na hamu ya mama kupumzika siku ya Bwana kama watu wengine wa nyumba yake.

KOSA LETU

Sasa tuseme tulilotaka kuungama. Mwaka wa kwanza tulipotengeneza kapu kubwa la kanisa, tuliandaa chakula cha semina ya akina mama. Walikuwa wageni wapatao 40. Usiku tuliloweka maharage mekundu, asubuhi tukayapika pamoja na nyama. Mkaa ulikuwa umebaki kidogo na wageni walikwisha kufika. Tulipoona povu la kwanza linapanda tukasema, "Imetosha, kapu litamaliza kazi." Tukaingiza sufuria kapuni, tukaenda kuimba.

Mchana tulifunua. Maharage yalikuwa na harufu nzuri na rangi nzuri, ingawa mengine yalikuwa magumu kidogo katikati. Tulipakua. Kabla ya saa 2 kupita, kikao cha mchana kilivunjika. Wakina mama walikuwa wanatapika nyuma ya kanisa, baadaye wakaanza kuharisha. Miongoni mwao alikuwamo mama mwenye mimba ya miezi 7, na bibi mmoja ambaye tulilazimika kumbeba.

Unadhani tulimlaumu nani? Tulimlaumu mwenye bucha. Tulisema ametuuzia nyama iliyolala. Maneno yale yalitoka jikoni, yakaenda kwa waumini, yakafika sokoni kabla ya jua kutua.

Jioni, wagonjwa walipokuwa wametulia, sisi wenye taaluma ya uuguzi tulikaa tukauliza maswali ambayo tungepaswa kuyauliza kwanza. Nani alikula nini? Yule bibi hana meno, hakugusa nyama hata kipande, alikula maharage tu, naye ndiye aliyezidiwa. Watoto watatu wa mpishi walikuwa wamepewa vipande vya nyama bila maharage. Hao walikuwa wanacheza uwanjani. Basi tukajua kwamba kosa halikuwa bucha. Lilikuwa mikononi mwetu.

Siku mbili baadaye tulikwenda wawili kumwomba radhi yule kijana wa bucha. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama zangu, nimewasamehe. Lakini nyama iliyoharibika kwa kukosa wateja, nani atanirudishia?" Tulichanga tukamlipa, na Jumapili iliyofuata tukasimama mbele ya ushirika tukasema ukweli. Haikuwa rahisi. Kwa muda mrefu hakuna aliyetaka kusikia habari za kapu, likakaa stoo likiwa makao ya panya.

MAHARAGE YALITUDHURU KWA SABABU GANI?

Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili iliyo katika jamii ya lektini. Ndivyo Mungu alivyoyaumba, mbegu ijilinde isiliwe ovyo. Mtu akila hata punje 4 au 5 zisizoiva, anaweza kuugua. Kichefuchefu na kutapika huanza kati ya saa 1 na saa 3 baada ya kula, kisha huja kuhara na tumbo kuuma. Wengi hupona siku hiyo hiyo.

Sumu hii huharibika kabisa kwa maji yanayochemka kwa nguvu. Haiharibiki kwa joto la uvuguvugu. Tena, na hapa ndipo wengi hushangaa, maharage yaliyopashwa moto usiofika kiwango cha kuchemka, tuseme nyuzi 80, yanaweza kudhuru kuliko yale mabichi kabisa. Kapu haliongezi joto, linalitunza tu. Ukiingiza sufuria yenye sumu, kapu litaitunza na sumu yake.

Onyo hili ni la sufuria ya umeme pia. Wengine huweka maharage yaliyolowekwa, nyama na maji, wanageuza swichi upande wa moto mdogo na kwenda kazini. Sufuria hiyo ikiwa kwenye moto mdogo huenda isifikie nyuzi 80 katikati ya chakula. Maharage yachemshwe kwanza katika sufuria ya kawaida, ndipo yahamishiwe humo.

SHERIA TANO ZA JIKO LETU

1. Loweka usiku kucha. Chagua maharage, toa mawe na yaliyooza, osha, loweka kwa maji mengi kwa saa 8 hadi 12. Asubuhi mwaga maji hayo, usipikie. Sehemu ya sumu huondoka nayo, na gesi ya tumbo hupungua.

2. Chemsha kwa nguvu dakika 30. Wataalamu wanasema dakika 10 za kuchemka kwelikweli huharibu sumu, lakini sisi tumejiwekea 30, tukianza kuhesabu pale maji yanapotokota sufuria nzima, wala si povu la kwanza. Wenzetu wa nyanda za juu kama Njombe, palipo na mwinuko wa karibu mita 2,000, wafikishe dakika 45, maana huko maji hutokota kabla ya kufika nyuzi 100.

3. Jaza sufuria. Iwe imejaa angalau theluthi mbili. Chakula kidogo ndani ya sufuria kubwa hupoa upesi. Nyama ikatwe vipande vidogo, kama sentimita 3, ili joto lifike ndani, nayo ichemke pamoja na maharage dakika zote 30.

4. Usifunue. Kila unapochungulia, joto linatoka na hakuna moto wa kulirudisha. Baada ya saa 4 toa sufuria, irudishe jikoni ichemke tena dakika 10 huku ukiunga. Usiache chakula kapuni kutwa nzima. Kikishuka chini ya nyuzi 60, vijidudu huanza kuzaliana.

5. Ponda ndipo upakue. Chukua punje 5 kutoka sehemu mbalimbali, ziponde kwa vidole. Hata moja ikiwa na kiini kigumu, rudisha sufuria jikoni. Afadhali wageni wangoje.

JINSI YA KUTENGENEZA KAPU

Tafuta kapu la ukili lenye upana wa kutosha sufuria yako, na kuzunguka sufuria ibaki nafasi ya upana wa kiganja kila upande, kama sentimita 10. Chini na pembeni jaza sufi, vipande vya sponji, matambara makavu, blanketi kuukuu au majani makavu ya mgomba yaliyokatwakatwa. Shona kitambaa cha pamba ndani ili vitu hivyo visimwagike, kiwe cha kuvuliwa na kufuliwa. Kisha shona mto mnene wa kufunika juu, unaobana pande zote. Kapu likilowa, lianike juani mpaka likauke kabisa, maana likiwa na unyevu halitunzi joto.

Sufuria iwe na mfuniko unaokaa vizuri. Uifute masizi kabla ya kuiingiza. Na jambo hili tunalisema kwa herufi kubwa: USIWEKE KAA LA MOTO NDANI YA KAPU, hata kaa moja.

Kabla ya kulitumia kwa chakula, lijaribu kwa maji. Jaza sufuria maji yanayochemka, funika kapuni, fungua baada ya saa 4. Ukifunua mvuke ukapanda na ukashindwa kushika sufuria kwa mkono mtupu, kapu lako ni zuri. Yakiwa ya vuguvugu tu, ongeza sufi au sponji.

MAHARAGE NA NYAMA YA JUMAPILI (watu 6)

Mahitaji:
Maharage makavu nusu kilo
Nyama ya ng'ombe nusu kilo, ya mfupa kidogo au ya kifua
Vitunguu maji 2
Tangawizi kipande kimoja, iliyotwangwa
Kitunguu saumu punje 4
Karoti 2
Nyanya 3 zilizoiva
Tui zito la nazi kikombe 1
Mafuta vijiko 2 vya chakula, chumvi kiasi

Jinsi ya kupika:
Jumamosi usiku loweka maharage. Jumapili saa 12 asubuhi mwaga maji, osha, weka katika sufuria ya lita 4 pamoja na nyama, tangawizi, kitunguu saumu na kitunguu kimoja kilichokatwa. Tia maji safi lita 1 na robo. Kapuni maji hayakauki kama jikoni, kwa hiyo yasizidi sana. Yakisha kutokota, hesabu dakika 30 za kuchemka kwa nguvu. Maji yakipungua wakati huo, ongeza yanayochemka, si ya baridi. Tia karoti, subiri itokote tena, funika, ingiza kapuni mara moja. Itakuwa yapata saa 1.

Nendeni ibada ya saa 2. Mkirudi saa 5, toa sufuria. Kaanga kitunguu cha pili na nyanya kwa mafuta, mimina ndani, tia chumvi na tui, chemsha dakika 10 ukikoroga. Nyanya tunaziacha hadi mwisho kwa sababu uchachu huzuia maharage kulainika. Pakua kwa wali, ugali au ndizi.

MAKANDE YA NYAMA

Mahitaji:
Mahindi yaliyokobolewa nusu kilo
Maharage robo kilo
Nyama robo tatu ya kilo
Kitunguu 1, karoti 2, pilipili hoho 1
Tui au karanga zilizosagwa kikombe 1
Chumvi kiasi

Jinsi ya kupika:
Mahindi ni magumu kuliko maharage, hivyo makande huingia kapuni mara mbili. Loweka mahindi na maharage usiku kucha, kisha mwaga maji. Tumia sufuria ya lita 5. Pika vyote pamoja na nyama na kitunguu kwa maji lita 1 na nusu, vichemke kwa nguvu dakika 45. Ingiza kapuni saa 3. Toa, chemsha tena dakika 15, rudisha kapuni saa 1. Mwisho tia karoti, hoho, tui au karanga na chumvi, chemsha dakika 10.

Wengine hutia magadi ili mambo yawe mepesi. Kwa kapu huyahitaji. Magadi hupunguza vitamini B1 katika maharage, na kwa mwenye shinikizo la damu ni kama kumwongezea chumvi. Maharage yasiyolainika hata baada ya haya yote kwa kawaida ni ya zamani sana, yamekaa ghalani misimu mingi. Badilisha unakonunulia.

FAIDA KWA MWILI

Kwa nini tunasisitiza maharage pamoja na nyama, hata kama ni nyama kidogo? Kliniki ya wajawazito tunawaona akina mama wengi waliopungukiwa damu. Maharage yana madini ya chuma, lakini mwili huyapata kwa shida. Nyama ikiwepo katika mlo huo huo, mwili huyapokea kwa urahisi zaidi. Chungwa au embe baada ya chakula husaidia pia. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula huzuia, kwa hiyo mama mjamzito aingoje walau saa 1 baada ya kula.

Faida nyingine ni ya mapafu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kutokana na moshi na hewa chafu ya majumbani. Serikali ya Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikilenga asilimia 80 ya Watanzania waifikie ifikapo mwaka 2034. Mwenye gesi naye kapu linamfaa, maana dakika 40 za moto badala ya saa 3 zitafanya mtungi ukae muda mrefu.

MTU AKIUGUA BAADA YA KULA MAHARAGE

Asile tena chakula kile, wala kisipewe mwingine. Mpe maji yenye dawa ya kuongeza maji mwilini, ile ya pakiti ichanganywayo na lita 1 ya maji safi, anywe kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe. Usimpe dawa ya kuzuia kuhara kwa kubahatisha. Mtoto mdogo, mjamzito, mzee, au yeyote anayetapika kila anachokunywa, aliyelegea, mwenye macho yaliyoingia ndani au asiyekojoa, apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa. Mwambie muuguzi ulipika nini na kwa muda gani. Usione haya. Sisi tulipoteza nusu siku tukilaumu nyama, na wagonjwa ndio walioumia.

TUMALIZIE

Kapu letu lilitoka stoo kwa ajili ya mama mmoja muuza mboga, mwenye watoto wanne na hana msaidizi. Alitufuata akasema, "Dada zangu, nifundisheni lile kapu mlilolitupa. Kila Jumapili ninafunga watoto ndani na jiko, moyo wangu hautulii ibadani." Tukaanza upya naye, safari hii saa ikiwa ukutani na dakika 30 zikihesabiwa kwa sauti. Tangu hapo hakuna aliyeugua kwa maharage yetu. Na yule kijana wa bucha ndiye anayetuuzia nyama ya semina mpaka leo, naye kila mara hutuuliza akitabasamu, "Mama zangu, mmechemsha?"

Nasi tunakuuliza wewe, mama mpendwa, kabla hujafunika kapu lako na kuchukua Biblia: umechemsha? Kama ndiyo, nenda na familia yako kwa amani. Mungu akubariki wewe na jiko lako.